Kabureta inayovuja si sababu ya kutupa mashine

Theluji ikishayeyuka hapa Brooklyn Park, Minnesota, mashine za kukata nyasi hutolewa gereji, na simu yangu huanza kulia. Baada ya muda utaona mashine nyingine zimeachwa kando ya barabara, juu yake karatasi imeandikwa "bure". Mwenyewe ameuliza bei ya fundi akaona heri anunue mpya. Mimi nimekulia jirani na mafundi wa bodaboda kule Nakuru, na jambo hili huniuma, maana mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Majuzi alinipigia mama mmoja wa kutoka Kisii tunayesali naye. "Mwanangu, petroli imemwagika gereji yote inanuka, na kamba ya kuwashia imekataa kuvutika."

"Mama, usiivute tena. Fungua mlango mkubwa, vijana waisukume nje."

Sikumwambia hivyo kwa kumtisha. Gereji nyingi za huku zimeshikana na nyumba, na kuna watu wameweka humo mtambo wa gesi wa kuchemshia maji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ufike penye moto.

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake hadi kwenye bakuli la kabureta. Ndani ya bakuli kuna floti, boya dogo linaloelea juu ya petroli. Bakuli likijaa, floti hupanda na kusukuma sindano fupi izibe tundu la kuingizia petroli. Uchafu ukikaa pale, au ncha ya sindano ikiwa imelika, tundu halizibi na petroli haikomi kuingia. Nyingine humwagika nje, nyingine huingia kwenye silinda. Silinda ikijaa, pistoni haiwezi kupanda, kwa kuwa petroli haibanwi kama hewa. Ndiyo maana kamba ya mama ilikwama.

Lakini hatari kubwa iko kwenye oili. Petroli hupenya kando ya pistoni na kushuka chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia: ikiwa oili imepanda kupita alama, imekuwa nyepesi na inanuka petroli, imwage yote. Ukiiwasha hivyo, vyuma vitasagana na injini itakufa kweli.

Tulichomoa waya wa plagi, ile inayotoa cheche, tukauweka mbali, tukatoa plagi, kisha tukavuta kamba taratibu petroli itoke. Tukabana mpira wa petroli na kufungua bakuli. Chini yake kulikuwa na utando wa kahawia unaonata, mabaki ya petroli iliyolala kipupwe kizima. Floti itikise karibu na sikio; ukisikia petroli ndani, imetoboka, tafuta nyingine. Ya mama ilikuwa nzima. Sindano ndiyo iliyokuwa imelika, na gasketi ya bakuli, ule mpira wa kuzibia, imevimba.

Ukishaweka sindano mpya na kusafisha tundu kwa dawa ya kabureta, usikimbilie kufunga. Geuza kabureta juu chini ili floti iilalie sindano, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira safi. Hewa isipite hata kidogo. Irudishe wima, sasa ipite. Kijana mkubwa wa mama ndiye aliyepuliza, na alipoona tofauti hiyo alielewa kabureta kuliko ningemweleza mchana kutwa. Bolti ya bakuli ikaze kwa kiasi, maana kwenye injini nyingi ndogo bolti hiyo hiyo ina matundu ya jeti, yale madogo yanayopitisha petroli kwenda kwenye injini, na ukilazimisha utaharibu nyuzi zake.

Petroli ya kawaida ya jimbo hili huchanganywa na ethanoli (aina ya alkoholi), mara nyingi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu wa hewani. Vituo vingi huuza pia petroli isiyo na ethanoli, inayoruhusiwa kwa injini ndogo na boti. Ni ghali zaidi, lakini kwa mashine inayokaa miezi bila kazi mimi naona inafaa. Na nyasi zikiacha kukua mwezi wa kumi, funga valvu ya tangi kama ipo, uache injini iendelee kunguruma mpaka izime yenyewe, kisha legeza bolti ya bakuli matone yaliyobaki yatoke.