Uvimbe wa Kukamatwa Ungali Mdogo

Mtoto wa dada yangu ana tuberosi sklerosisi, ugonjwa wa vinasaba uliojitokeza kwanza kwa mabaka meupe mgongoni, kisha kwa degedege kabla hajatimiza mwaka. Dada alijilaumu sana, ingawa takribani theluthi mbili ya watoto wenye ugonjwa huu hawakuurithi kwa mzazi yeyote: hitilafu ya jeni ya TSC1 au TSC2 huanza kwao wenyewe.

Baadhi ya watoto hawa huota uvimbe kando ya kitundu cha Monro, njia nyembamba ambamo maji ya ubongo hutoka katika vyumba vya maji vya pembeni ndani ya ubongo kuingia chumba cha tatu. Si saratani ya kusambaa, na hukua polepole; hatari yake ni mahali ulipo. Ukiziba njia hiyo, maji hujaa, mtoto huumwa kichwa, hutapika na huanza kupoteza uwezo wa kuona, na asipowahiwa hufa.

Uvimbe huu unaweza kutolewa kwa endoskopu: daktari hutoboa fuvu tundu dogo, hupitisha mrija wenye taa na kamera hadi ndani ya chumba cha maji, kisha, akitazama skrini, huunguza mishipa ya damu inayoulisha uvimbe na kuutoa kipande kwa kipande. Ukingoni mwa kitundu cha Monro umelala mkanda wa nyuzi za neva unaohusika na kumbukumbu, hivyo mkono ukiteleza kidogo tu madhara ni makubwa. Damu ikivuja, maji huchafuka na kamera haioni kitu mpaka pasafishwe. Ndiyo maana wapasuaji wengi huchagua njia hii uvimbe ukiwa chini ya sentimita 3 hivi. Ukizidi hapo, mara nyingi hulazimika kufungua fuvu.

Ipo pia dawa ya everolimasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa uvimbe huu. Huusinyaza, lakini ikiachwa uvimbe huweza kukua tena, nayo hupunguza kinga ya mwili.

Kwa hiyo ninalolipigania ni picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Miongozo inataka mtoto mwenye ugonjwa huu apigwe picha hiyo kila baada ya mwaka 1 hadi 3, hata akiwa hana dalili yoyote, mpaka afike miaka 25. Familia nyingi hulipia kipimo hicho mfukoni, na nimeona wazazi wakikiahirisha kwa sababu mtoto anacheza vizuri, ilhali kipindi hicho cha kucheza vizuri ndicho ambacho uvimbe bado unaweza kutolewa kwa tundu dogo.