Namba ninayoitafuta

Hukumu imeahirishwa tena, mara ya tatu sasa. Na jana upande wa pili wameleta pendekezo: watulipe nusu ya tunachodai, nasi kesi tuiondoe mahakamani. Jibu linatakiwa Ijumaa.

Nilimuuliza wakili, "Tutashinda?" Akasema, "Sheria iko upande wetu." Nikatoka nimefurahi. Kufika mlangoni ndipo nikang'amua kwamba swali langu hakulijibu.

Oliver Wendell Holmes, jaji wa Marekani, asingenipa jibu la namna hiyo. Mwaka 1897, akihutubia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Boston, alisema anachokiita sheria ni utabiri wa yale mahakama zitakayotenda kweli, basi. Ukitaka kuijua, itazame kwa macho ya mtu mbaya, asiyejali maadili, anayetaka tu kujua atafanywa nini. Nilipoisoma kauli hiyo zamani niliiona haina utu. Leo naiona ina huruma, maana angalau inakiri kuwa kuna mtu amekaa anangoja.

Basi nikajaribu hesabu. Katika kesi ya tishari lililozama bandari ya New York, Jaji Learned Hand aliandika mwaka 1947, kwa herufi kama za aljebra, kwamba uzembe hupimwa hivi: zidisha ukubwa wa hasara kwa uwezekano wa kutokea kwake, kisha linganisha na gharama ya tahadhari. Wanaoichambua sheria kwa hesabu za uchumi, akina Richard Posner, wameipenda sana kanuni hiyo. Kinachonichekesha ni kwamba Hand mwenyewe hakutia tarakimu hata moja. Alibaki na herufi zake.

Mimi siwezi kubaki na herufi. Nikiamini nina nafasi sita kwa kumi, nusu yao ni ndogo. Nikiamini nne, ni ukarimu. (Gharama za wakili zikiingia, hata hiyo sita inaanza kuyumba.) Asubuhi baada ya chai huwa nina saba. Saa nane za usiku nina tatu. Ushahidi ni uleule, karatasi ni zilezile.

Jerome Frank, mwanasheria wa Marekani, alidai mwaka 1930 kwamba tunaitaka sheria iwe na uhakika kama mtoto anavyomtaka baba asiyekosea. Iliniuma kidogo, nikafunga kitabu. Lakini ni Frank huyohuyo aliyesisitiza kuwa kisichotabirika zaidi si kanuni, ni ukweli wa mambo: nani ataaminiwa na nani hataaminiwa. Hapo amenipata. Shahidi wetu alipoulizwa tarehe alikohoa, akatazama chini, ndipo akaitaja. Tarehe ilikuwa sahihi. Hakimu akaandika kitu, neno moja au mawili tu, na tangu siku hiyo najaribu kulisoma neno lile kwa kukumbuka mwendo wa kalamu.

Kesho nitarudi kwa wakili. Safari hii simuulizi kama tutashinda. Namwomba namba, hata ya kubahatisha, na namwomba aiandike.