Mwalimu, nitaanza kukanta lini?

Mimi nafundisha watu kupanda farasi, na hili swali naulizwa kila wikendi. Kukanta ni kwenda kwa kanta, ule mwendo wa farasi wa kasi kuliko troti lakini si mbio kabisa. Mara nyingi anayeuliza hata si mwanafunzi, ni mzazi amesimama pale kwa fensi simu iko tayari kurekodi. "Mwalimu, huyu ataanza kukanta lini? Mwenzake si ameshaanza?" Namwambia mama tungoje kidogo, na uso unabadilika hapo hapo, manake wengi wanadhani tunawachelewesha makusudi ndio walipie masomo mengi. Sasa wacha nieleze vile mimi huangalia.

Kwanza kabisa, kanta yenyewe si ngumu kukalia. Troti, ule mwendo wa kati ya kutembea na kanta, ndio ngumu. Troti ni mapigo mawili, miguu inaenda kwa jozi, wa mbele kushoto na wa nyuma kulia, halafu jozi ingine, na kila pigo linakurusha. Kanta ni mapigo matatu halafu kuna kanafasi kadogo farasi yuko hewani kabisa, inakuja kama swing, na mtu akishaizoea hataki tena troti. Shida iko kwa kuingia na kutoka, na hasa kutoka. Farasi akiacha kanta arudi troti, ile troti ya kwanza huwa kubwa, ya mbio, haina mpango, na yule mtu alikuwa anacheka sekunde mbili zilizopita sasa anarukaruka kwa tandiko, kikuku kimoja (kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwa tandiko) kimetoka mguuni, amebana magoti (na ukibana magoti ndio unasukumwa juu zaidi), ameinama mbele, mikono inatafuta pa kushika. Kilicho karibu ni hatamu. Na hatamu imeshikana na chuma kiko mdomoni mwa mnyama.

Kwa hivyo mimi naangalia mikono. Sijali umeanza mwaka gani, sijali kama huogopi, kusema kweli wale hawaogopi kabisa ndio wananipa presha. Nataka nione siku umetingishwa, farasi amejikwaa ama ameshtuka plastiki imepeperuka, mikono yako imefanya nini. Kama ilienda juu kifuani na kuvuta, bado. Kama ilishuka ikashika manyoya ya shingo ama ile kamba ya shingo ukajirudisha katikati, hapo tunaanza kuongea.

Mwanafunzi mara nyingi hajui kama namjaribu. Namwambia atroti akiwa anainuka na kukaa, halafu katikati ya uwanja namwambia achomoe mguu mmoja kwa kikuku, aendelee, akitafute tena bila kuangalia chini na bila farasi kupunguza mwendo. Inaonekana kitu kidogo. Angalia mtu akiifanya mara ya kwanza: kichwa kinaenda chini, bega linafuata, farasi anahisi uzito umehama anaanza kukata kona, na huyo ndugu sasa ana kazi tatu badala ya moja. Akikuwa tayari unaona vidole vya mguu vinakitafuta kikuku vyenyewe, macho yako mbele, mdomo unaendelea kuniambia habari ya shule. Kuongea ni alama nzuri sana kwangu. Mtu hawezi kuongea amebana pumzi, na mtu amebana pumzi amekauka mwili mzima.

Ingine ni kusimama juu ya vikuku, makalio yametoka kwa tandiko, azunguke uwanja wote kwa troti bila kuegemea shingo ya farasi. Hapo visigino ndio vinasema ukweli, vikipanda juu ataanguka mbele tu. Ingine ni kukalia troti bila kuinuka, angalau upande mmoja wa uwanja, kwa sababu ndio utakuwa umekaa hivyo wakati unaomba kanta. Na lazima aweze kutoka troti hadi kutembea, hadi kusimama, kwa kukaa vizuri na kutoa pumzi na kufunga vidole, si kwa kuegemea nyuma akivuta kama anafunga boti.

Hii ya kuvuta, kwa huku Nairobi ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyojua. Farasi wengine tunaowapanda walianza maisha kule uwanja wa mbio wa Ngong, wakastaafu wakafundishwa kazi ingine. Wapole sana wengi wao, lakini farasi wa mbio alizoea jockey ameinama mbele, hatamu zimekaza, na yeye anaegemea ile hatamu anaongeza kasi. Sasa chukua beginner ameshtuka, ameinama mbele, amekaza hatamu. Unaona vile amemwambia farasi aongeze kasi? Yeye hana kosa, amesikia lugha anayoijua. Ndio maana kanta ya kwanza simpi mtu farasi wa hivyo hata kama ndio anampenda, nampa yule mzee mvivu ambaye ukisahau tu kumkumbusha anarudi troti mwenyewe.

Siku yenyewe ikifika hatufanyi sherehe. Mara nyingi nakuwa na farasi kwa kamba ndefu mimi nikiwa katikati, au kama ni uwanjani tunaombea kanta kwa kona, kwa sababu hapo farasi tayari amejikunja kidogo na ni rahisi aanze na mguu sahihi, ule wa ndani, yaani wa upande wa katikati ya uwanja. Mkono mmoja kwa kamba ya shingo. Hatua chache tu, labda upande mmoja mrefu, halafu troti, halafu tunatembea, nampa mwanafunzi muda apumue. Wanaotaka raundi tano siku hiyo hiyo nawakatalia, miguu ikichoka kila kitu kingine kinaharibika.

Watu wazima hunisumbua tofauti na watoto. Mtoto anaanguka kwa mchanga anainuka anauliza farasi yuko wapi. Mtu mzima anafikiria kazi Jumatatu, mgongo, na mkopo wa nyumba, kwa hivyo mwili unakauka hata kama mbinu anazijua zote. Huyo simsukumi. Lakini pia kuna wanaokuja wamebuk safari ya farasi kule Mara na wana mwezi mmoja "wajue kukanta". Safari kama hizo kwa kawaida hutaka mtu anayeweza kumudu farasi wake kwenye uwanda ulio wazi, na kwa sababu nzuri, huko kuna wanyama ambao unaweza kulazimika kuwaondokea haraka na mwalimu hayuko katikati na kamba. Mwezi mmoja unatosha kwa wachache sana. Afadhali usogeze tarehe.

Na kama mwalimu wako amekwambia bado, muulize bado nini. Anafaa kukujibu kitu unaweza kukifanyia kazi, "visigino", "unavuta ukishtuka", "huwezi kukalia troti". Akikwambia tu "utajua ukifika", mwezi baada ya mwezi, na pesa analipwa, mimi ningeenda kuangalia uwanja mwingine.