Kipande cha waya ndani ya mota ya geti

Nikiitwa kutengeneza geti la mota, hata kama shida ni rimoti tu, nafungua kwanza boksi la mota niangalie fotoseli zinapoungwa. Huku Goba na Madale nakutana sana na kitu kimoja: kipande cha waya, kifupi kama kidole, kimeziba nafasi ya fotoseli.

Fotoseli ni yale macho mawili yanayofungwa kwenye nguzo, moja kila upande wa njia. Moja linarusha mwanga usioonekana, jingine linaupokea. Mtu akikatiza geti likiwa linafunga, saketi inakatika na mota inalirudisha. Fundi asipoyafunga, anaunga kile kipande cha waya, na bodi inaona njia nyeupe muda wote. Geti linafunga, mteja anafurahi, kishoka, yaani fundi wa mitaani asiye na leseni, anaondoka na hela yake.

Geti la chuma la mita nne, lililochomelewa kwa mabomba mazito na bati nene, linafika kilo 300 na kuzidi. Mtoto wa miaka mitatu anayekimbilia gari la baba yake hafiki hata kilo 20. Hili linaniuma, maana bei ya macho yale ni sehemu ndogo mno ya kazi nzima.

Halafu kuna reli ambayo geti linatembea juu yake. Ikijaa mchanga, au zege likititia, geti linakuwa zito na mota inakwama njiani. Dawa ni kusafisha na kunyoosha reli. Vishoka wanapandisha kipimo cha nguvu cha mota mpaka mwisho, na kipimo hicho ndicho kinachoifanya mota irudi ikigusa kitu. Stopa nazo, vile vyuma vya kulizuia geti mwisho wa reli, hawachomelei, kwa hiyo siku geti likipitiliza, linaanguka zima zima. Mimi siwashi mota pasipo stopa, hata mteja anune.

Mama mmoja aliniuliza, "Fundi, mbona linafanya kazi vizuri tu?" Nikamwambia, "Kufunga linafunga, mama. Ila halioni."

Lipime la kwako leo. Simamisha boksi tupu la kadibodi, lenye kimo cha mtoto, katikati ya njia, pale geti linapopita. Kaa mbali, bonyeza rimoti. Boksi likipondwa, zima swichi ya mota, iachie kwa ufunguo wake, na mlisukume geti kwa mkono mpaka aje fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ufunguo huo wa kuachia mota nao usikae chumbani kwa baba. Mlinzi na dada wa kazi waoneshwe ulipo na unavyozungushwa, kwa sababu saa tano asubuhi wao ndio wanaokuwa nyumbani na watoto.