Kiroba cha unga kilivyonisomesha kazi

Jumapili nilienda kwa mama Mbagala nikamkuta uani anachambua mchele, chini kajitandikia kiroba cha unga wa Azam, kile cheupe, kimefuliwa mpaka maandishi yamefifia. Nikavua viatu nikakaa pembeni yake. Hicho kiroba ndo maisha yetu yani, tumebebea mkaa, tumezibia dirisha msimu wa mvua, na daftari langu la kwanza la hesabu nililishonea jalada la kiroba ili lisilowe mafuta ya maandazi.

Mama anauza maandazi na chapati tangu niko darasa la pili. Jina la Azam, chapa ya makampuni ya Bakhresa, kwahiyo nililijua kwanza kama bei. Bei ya kiroba ikipanda andazi linapungua ukubwa, ikipanda tena wateja wananung'unika, na ikizidi mama anapika nusu ya kawaida na siku hiyo nyumbani tunajua mboga itakuwa ya kubahatisha. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza unga ulipanda hatari, maana ngano nyingi tunayokula Tanzania inakuja na meli kutoka nje, mama akawa ananiuliza mwanangu hao wanaopigana huko wanatujua sisi? Nilimwelezea kadri nilivyoweza. Mpaka leo naona lile swali lake ni zito kuliko mambo mengi niliyofundishwa darasani.

Sasa ukitulia ukaangalia siku moja tu ya mtu wa Dar utashangaa. Asubuhi chapati ya unga wa hao Azam, mchana jua limewaka unanunua maji ya Uhai kwenye foleni, mtoto akilia anapewa juisi ya embe au ukwaju, jioni ile toroli ya ice cream inapita na muziki wake watoto wanatoka mbio, usiku king'amuzi chao mechi ya ligi. Harusi ya binamu yangu Unguja tulipanda boti ya Kilimanjaro, kama masaa mawili hivi uko Malindi, nayo yao. Hata wachezaji wa klabu yao ya mpira Azam FC wakiitwa Wanalambalamba ni ile ice cream inayosemwa pale. Kundi moja la makampuni liko tumboni, baharini, sebuleni na uwanjani. Wakenya wanayo ya kwao, Wahindi wanayo, sisi jina la kwanza linalokuja mdomoni ni Bakhresa.

Na mzee mwenyewe Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, inajulikana aliacha shule akiwa na miaka 14, na miaka ya 70 alikuwa na mgahawa mdogo tu hapa Dar. Watu wanapenda kuitumia hiyo habari kuwaambia vijana shule haina maana, mimi nakataa kabisa. Ninachokiona mimi pale ni mtu wa mgahawa aliyejiuliza mkate wangu unatoka wapi, akakuta unatoka kwenye unga, akaenda kusaga unga, unga unahitaji kusafirishwa, basi na usafiri. Yani kila hatua ilikuwa inafuata kitu alichokuwa anakinunua kwa mwingine. Hiyo akili ndo iliyonisaidia mimi, japo sijawahi kuajiriwa kwake hata siku moja.

Nilimaliza form four 2011, matokeo hayakunibeba. Dada mmoja wa jirani akaniunganisha na duka la jumla Rangi Tatu hapo hapo Mbagala, wanauza vinywaji, unga, sabuni, mali za viwanda vingi tu, mimi nikawa karani wa stoo. Kazi yangu kuhesabu katoni zinazoingia na zinazotoka basi. Mshahara mdogo, mkataba hakuna, chupa ikipasuka kwenye kushusha mzigo unakatwa wewe hata kama hukuwepo. Nililia sana mwezi mmoja nilipopewa pesa nusu kwa ajili ya katoni ambazo sikuzigusa. Nilivumilia kwasababu mama alikuwa anaumwa miguu na nyumbani mimi ndo niliyekuwa naingiza kitu cha uhakika.

Lakini jamani ile stoo ilikuwa chuo. Mali kauli nilijifunzia pale, kwamba unampa mwenye kiduka mzigo leo analipa akishauza, na inabidi umjue mtu, nani analipa Ijumaa, nani anazima simu, nani anachelewa lakini deni analimaliza. Nikajua mzigo ulioingia kwanza ndo utoke kwanza, la sivyo juisi zinakufa tarehe nyuma kule huku mnauza mpya. Nikajua Ramadhani juisi inatoka mara kadhaa ya kawaida kwahiyo uiagize mapema kabla wenzako hawajashtuka, na Januari joto likiwa kali maji hayakai stoo, ila Aprili mvua zikinyesha barabara za ndani kule Chamazi na Mbande gari linakwama kwahiyo maduka ya huko uyapelekee mzigo wa kutosha kabla. Haya yote hakuna aliyenikalisha kunifundisha, nilikuwa naandika kwenye daftari la kiroba kila siku usiku, tarehe, kilichotoka, hali ya hewa, sikukuu, bei.

Kuna dereva mmoja mtu mzima alikuwa analeta mzigo, nilikuwa namuita baba. Siku moja akaniona naandika akaniambia binti, wewe unafanya kazi ya watu wenye ofisi, nenda kasome uipatie jina. Lile neno sikulisahau. Nikaanza chuo cha jioni, cheti cha ununuzi na ugavi, natoka stoo saa 11 napanda daladala na vumbi la unga kichwani, nafika darasani nasinzia ila mwalimu akitaja makadirio ya mahitaji mimi naona Ramadhani ya Rangi Tatu kabisa, naamka.

Kwenye usaili wa kazi niliyonayo waliniuliza utajuaje uagize kiasi gani. Niliwaeleza habari za embe na ukwaju, mvua za Aprili, na wenye maduka wanaolipa Ijumaa. Yule mama aliyekuwa ananihoji akaweka kalamu chini akasikiliza. Leo mimi ni msimamizi wa ghala kwenye kampuni ya kusambaza dawa, nina watu 11 chini yangu, na hakuna anayekatwa chupa aliyoipasua mwenzake, hiyo nilijiapia.

Ninachotaka kusema kwa vijana wanaonitumia meseji kila wiki dada nisaidie connection ya kuingia Azam au kwa Mo Dewji, tajiri mwingine wa viwanda, au wapi: kuajiriwa pale ni jambo jema, omba, ila geti sio moja. Kampuni kubwa ikishuka mahali inabeba watu wengi ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara yake, wenye maduka ya jumla, madereva, mafundi wa majokofu, mama ntilie wa nje ya kiwanda, mpaka waigizaji wa sauti wanaozitia Kiswahili tamthilia za Kituruki, kazi ambayo wengi wetu hata hatukuwahi kuifikiria. Popote ulipo kwenye huo mnyororo kuna kitu cha kujifunza ukiwa na kalamu.

Ila kuna kinachonisumbua na nitakisema. Mdogo wangu amesomea kamera, ndoto yake kupiga mechi za ligi. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la mpira Tanzania, walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha mechi za Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6, na mimi nilifurahi kama shabiki maana klabu ndogo zinahitaji hela na mchezaji wa mkoani naye anaonekana. Lakini mdogo wangu akaniuliza, dada nikikosa hapo mechi za ligi naenda kuzipiga wapi? Sikuwa na jibu. Kundi likishakuwa kubwa hivyo linafungua kazi ambazo hazikuwepo, hapo hapo linakuwa ndo mlango karibu pekee wa hiyo kazi. Ningependa wakubwa kama hawa wawepo watatu wanne kwenye kila fani, mtu akikataliwa huku akabishe kule. Kwasasa dogo anapiga harusi na anajifunza kuhariri, namlipia intaneti mimi.

Jioni kabla sijaondoka mama akaniomba nimpigie hesabu. Anadaiwa kiroba kimoja, na yeye anawadai walimu wawili wa shule ya jirani na kijana mmoja wa bodaboda, nikaandika majina yote nikamsomea. Akaniambia bodaboda usimwandike, mke wake kajifungua. Nikafuta. Akanikunjia mihogo kwenye kile kiroba alichokuwa amekikalia, nikapanda gari.