Nilivyoendesha jiko la usiku Mtwapa huku wageni wakibadilika

Mtwapa ni mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kilomita kama 16 kutoka kisiwa cha Mombasa, na ukishavuka daraja lililo juu ya mkono wa bahari unakuwa tayari umeingia Kaunti ya Kilifi. Wakenya wengi wanaufahamu kwa sababu ya baa na klabu zinazokesha, na wengine, kusema kweli, hawajui jambo jingine lolote kuuhusu, ingawa magofu ya Jumba la Mtwana yako papo hapo ufukweni. Mimi nimeishi kwa kuuza chakula cha usiku katika mji huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ninaandika kueleza namna nilivyoweza kuidumisha biashara hiyo wakati watu walioleta fedha za starehe walipokuwa wakiondoka na wengine wakiingia.

Nilipoanza, starehe za watalii zilikuwa bado zaidi kwingine. Zilikuwa Mombasa mjini, katika barabara ya Moi ambayo wazee waliendelea kuiita Kilindini, ambako mabaharia waliotia nanga bandarini walikaa baa moja na wenyeji, na zilikuwa Nyali na Bamburi, ambako disko kama Mamba na Tembo zilitegemea hoteli za ufukweni. Mtwapa palikuwa mahali pa kulala pa wafanyakazi wa hoteli hizo, kwa kuwa vyumba vilikuwa vya bei nafuu, na palikuwa pia makao ya Wajerumani na Waswisi waliostaafu wakanunua au kujenga nyumba. Baa zilifuata makundi hayo mawili, na klabu zikafuata baa. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalikuwa yamewapunguza watalii pwani nzima, kwa hiyo sikuanza wakati wa neema. Nilianza na jiko la makaa, karai, na benchi la kuazima, nikiuza viazi karai, mishikaki na chai ya tangawizi.

Jambo ambalo nililielewa mapema, na ambalo limeniongoza hadi leo, ni kwamba mtalii hakuwa mteja wangu. Mgeni wa hoteli alikuwa amelipia chakula chake cha jioni kabla hajapanda ndege huko kwao, na akija Mtwapa alikuja kunywa na kucheza. Waliokula kwangu ni dereva wa teksi aliyekuwa akimsubiri nje hadi alfajiri, mlinzi wa mlangoni, mhudumu aliyemaliza zamu, mpiga gitaa wa bendi ya Wakongo aliyetoka kupiga hotelini, kijana wa ufukweni, na msichana aliyekaa klabu usiku kucha akitumaini. Mgeni alimpa dereva bahashishi, dereva akanunua mishikaki, na hivyo ndivyo fedha za Ulaya zilivyofika kwenye kopo langu. Kwa kuwa zilinifikia kwa mkono wa pili, sikuhitaji kujifunza Kijerumani, bali nilihitaji kujua nani kati ya wateja wangu alilipwa na nani, na lini.

Elimu hiyo ilinifaa sana baada ya tarehe 28 Novemba 2002, siku ambayo hoteli ya Paradise iliyoko Kikambala, mwendo mfupi tu kaskazini mwa Mtwapa, ililipuliwa kwa bomu na kuua watu 13 mbali na washambuliaji. Miezi iliyofuata ilikuwa mikavu, na Mei 2003 shirika la ndege la British Airways nalo likasitisha kwa muda safari zake za Kenya. Kila mtu akaanza kula kwa deni. Wauzaji wenzangu waligawanyika katika makundi mawili: waliokataa deni kabisa wakabaki na chakula kinachochacha, na waliompa kila mtu wakabaki na daftari lililojaa majina. Mimi niliwagawanya wateja badala ya kuligawanya deni. Mlinzi aliyeajiriwa na kampuni alipokea mshahara mwisho wa mwezi hata klabu ikiwa tupu, kwa hiyo yeye aliandikwa daftarini. Dereva na mhudumu walioishi kwa bahashishi walikopeshwa sahani moja tu, na ya pili haikutoka kabla ya ile ya kwanza kulipwa, ingawa chai hawakunyimwa. Hakuna aliyeniona mchoyo, kwa sababu kanuni ilijulikana na ilikuwa ileile kwa wote.

Wasichana niliwawekea utaratibu wao, na hapa sitazungukazunguka. Ripoti iliyotolewa na UNICEF na serikali ya Kenya mwaka 2006 ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono, na ilionyesha kuwa Wakenya wenyewe walikuwa sehemu kubwa ya wateja, si wageni peke yao. Sisi tuliokaa nje usiku hatukuhitaji ripoti kulijua hilo. Sikuwa na uwezo wa kuibadilisha biashara hiyo, lakini benchi lilikuwa langu: msichana alikula hata kama hana kitu, na mwanamume yeyote aliyekuja kupatana bei naye akiwa amekaa pale aliambiwa akasubiri ndani ya klabu. Wapo walioniambia kuwa ninafukuza wateja. Pengine ni kweli, lakini wateja hao hawakuwa walaji. Ndiyo maana ninapowasikia watu wakizililia zile enzi za Wazungu kana kwamba zilikuwa enzi za heshima, huwa ninanyamaza tu.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ilibadilisha saa zangu kuliko ilivyobadilisha wateja. Baa za kawaida zilitakiwa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na mwisho wa wiki kuanzia saa nane mchana. Kabla ya hapo watu walinijia mmoja mmoja usiku kucha, nami nilikaanga kwa kadiri walivyoagiza. Sasa baa zikifungwa kwa pamoja, au zikijifanya zimefungwa, watu wengi walinifikia kwa wakati mmoja wakiwa na njaa na haraka, na karai moja haliwezi kuhudumia umati. Niliongeza chakula kinachosubiri: sufuria ya pilau, supu ya mbuzi, na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, huku karai likibaki kwa ajili ya wanywaji wa klabu zilizokuwa na leseni ya kuendelea. Faida ya kila sahani ilipungua kidogo, lakini niliuza sahani nyingi zaidi kwa muda mfupi na kulala mapema.

Kisha ukaja mwaka 2014. Miaka miwili kabla yake mabomu ya kurushwa kwa mkono yalikuwa yameua watu katika baa za Mombasa, na hapa kwetu Mtwapa katika mkutano wa dini. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasiende, isipokuwa kwa jambo la lazima, katika kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka pwani, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa upande wa kaskazini hadi Tiwi upande wa kusini. Ukilisoma tangazo hilo kwa makini, hatari iliishia kwenye daraja letu, na jiko langu lililokuwa ng'ambo ya daraja halikuguswa. Lakini hakuna mtalii anayeruka juu ya Mombasa ili afike Mtwapa. Kampuni za utalii za Uingereza, Thomson na First Choice, ziliwaondoa wateja wao na kusitisha safari za ndege za kuja Mombasa, hoteli za pwani ya kaskazini zikafungwa moja baada ya nyingine, na wafanyakazi waliopunguzwa, ambao ndio waliokuwa wapangaji na walaji wa Mtwapa, wakarudi makwao. Huo ndio wakati niliofahamu kuwa kuwagawanya wateja wa zamani hakutoshi, kwa kuwa wa zamani wenyewe walikuwa wamekwisha.

Waliochukua nafasi yao walitoka bara. Walikuja kutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret, mwanzoni kwa mabasi ya usiku, na kuanzia Juni 2017 kwa treni ya Madaraka Express, ambayo ilianza kwa nauli ya shilingi 700 kwa daraja la chini. Hawa walikuwa wageni wa aina nyingine kabisa. Walikodi nyumba kwa pamoja, walinywa kwa vikundi, na muhimu zaidi kwangu, walikula wenyewe. Fedha hazikupitia tena kwa dereva. Hata hivyo hawakutaka nilichokuwa nikipika. Mmoja aliinama kwenye karai langu akauliza, "Mama, hizi ni nini?" Nikamwambia, "Viazi karai, mwanangu, chovya kwenye ukwaju uonje." Alionja, akasifu, kisha akaenda kutafuta nyama choma.

Sikujaribu kumfundisha mtu wa Nyeri kula kama mtu wa Kilifi saa nane za usiku akiwa amelewa. Nilimwendea kijana mmoja kutoka Murang'a aliyekuwa na bucha jirani, ambaye alijua kuchoma lakini hakuwa na mahali pa kukalisha watu wala mtu wa kupika vingine. Tulikubaliana kwamba nyama na moto ni vyake, ugali, kachumbari, chapati na viazi ni vyangu, na kila mmoja ana namba yake ya M-Pesa ili fedha zisichanganyike. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichoulinda ushirika wetu, kwa maana nimeona majirani wakigombana kwa sababu ya kopo moja la fedha kuliko kwa sababu ya wateja. Asubuhi niliuza supu ya kuzimua, na wale wale waliovipita viazi usiku walivila mchana wakiwa na akili timamu.

Ugumu wa mgeni wa bara ni kalenda yake. Mtalii wa Ulaya alikuja kuikimbia baridi ya kwao, kwa hiyo msimu wake ulianza mwishoni mwa mwaka ukapita taratibu hadi Machi. Mgeni wa bara humwagika Disemba, Pasaka na shule zinapofungwa, kisha Januari hutoweka kwa sababu ya karo, na Mei haonekani kwa sababu ya mvua. Mapato ya mwaka mzima yakawa yanaingia katika majuma machache. Niliongeza mchango wangu katika chama chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu ili zamu yangu ya kupokea iangukie Februari, nikawa ninanunua mafuta na makaa Novemba kabla bei hazijapanda, na wasaidizi nikawachukua kwa msimu tu kutoka miongoni mwa wapwa zangu. Miezi ya ukame nilirudi kwa wakazi wa mji: mahamri na mbaazi za nazi kuanzia alfajiri. Chakula hicho hakina faida kubwa, lakini huliwa kila siku na mwalimu, fundi na mwanafunzi, watu ambao hawaingii klabu na hawajali tangazo la Uingereza.

Ni mahamri hayo yaliyotulisha kuanzia tarehe 27 Machi 2020, amri ya kutotoka nje ilipoanza saa moja jioni, baa zikafungwa, na siku chache baadaye safari za kuingia na kutoka Kilifi na Mombasa zikazuiwa. Mtaa wa starehe ulizimika wote. Nilizima jiko la usiku bila mjadala, nikaamka saa tisa za usiku kukanda unga, na vijana wa bodaboda waliokosa abiria wa klabu wakawa wanapeleka vifurushi majumbani. Amri hiyo ilidumu hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Klabu zilipofunguliwa, upanuzi wa barabara ya Mombasa hadi Kilifi ulikuwa umefika, na vibanda vyote vya ukingoni, changu kikiwamo, vilitakiwa kuondoka. Nilihitaji kukodi sehemu ndani ya kiwanja nyuma ya barabara, na mwenye kiwanja alitaka kodi ya hoteli. Nilimweleza, "Mzee wangu, Mei siwezi kukulipa kama ninavyokulipa Disemba." Akanijibu, "Kwani wewe waona Mei mimi huwa sili?" Tulicheka, lakini nilimwonyesha madaftari yangu ya miaka iliyopita, mwezi kwa mwezi, akayasoma kwa miwani yake kwa utulivu mkubwa. Tuliandikiana kodi ya juu kwa Disemba na Aprili, na ya chini kwa miezi mingine, jumla ikiwa karibu na ile aliyoitaka.

Mtaa wa sasa una klabu kubwa kuliko zile nilizozikuta, usiku wa muziki wa mugithi na ohangla, tuktuk na pikipiki mahali zilipokuwa teksi, na wazee wachache wa Kijerumani wanaokunywa mapema na kulala mapema. Wakazi wanalalamikia kelele, nami ninakubaliana nao, kwa kuwa shule na misikiti haikuhamia hapa kufuata muziki. Zamu ya usiku nimemwachia binti yangu, anayejua kuzungumza na watu wa bara kuliko mimi, nami nimebaki na asubuhi. Mkataba wa kiwanja tulipoufanya upya, mzee aliomba Agosti nayo ihesabiwe miongoni mwa miezi ya juu kwa sababu shule hufungwa, na kwa kuwa madaftari yangu mwenyewe yalimuunga mkono, nilitia saini.