Simu zilizonifia mezani

Kuanzia Juni, upepo wa Dodoma ukikausha midomo, bodi za simu zilikuwa zinanifia mezani. Naifungua ina tatizo la chaji tu, naifunga haiwaki kabisa. Mteja mmoja wa Majengo aliniambia, "Fundi, nilikuletea mgonjwa, unanirudishia maiti." Nilicheka, lakini iliniuma.

Nililaumu vipuri. Hadi siku moja navua sweta la nailoni, likatatarika. Kugusa bisibisi, cheche kidoleni. Kumbe muuaji ni mimi! Umeme tuli huo, unaojikusanya mwilini nguo zikisuguana, mtu huuhisi ukifika kama volti 3,000, ila kuna chipu zinazoungua hata chini ya volti 100. Yaani unaiua bila kusikia chochote.

Nikanunua mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1 (usiubadilishe kwa waya mtupu: rezista hiyo hubana mkondo wa umeme, ndiyo inayokulinda ukigusa umeme wa ukutani), nikatandika mezani mkeka wa kuondoa umeme tuli, vyote nikaviunga na nondo ya shaba niliyoichimbia nje, ili umeme huo uishie ardhini. Udongo wetu mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo naumwagia maji kila asubuhi. Jirani anadhani nimepanda mti.

Sweta limebaki nyumbani. Agosti hii sijaua bodi hata moja.